Cikgu wa Jumamosi

Watu wote walimwita Cikgu, hata wasiojua maana yake. Mama wa Kiiraki wa ghorofa ya pili alimwita hivyo, mleta barua alimwita hivyo, na fundi bomba aliyekuja kuzibua sinki lake aliandika kwenye karatasi yake ya kazi "Bibi Chigu", maana ndivyo neno linavyosikika. Kwa Kimalay ni mwalimu, basi. Mimi niliishi juu ya kichwa chake kwa miaka minane, katika jengo la matofali mekundu karibu na reli pale Fairfield, mjini Sydney, na sikumbuki hata siku moja niliyomwita kwa jina alilopewa na wazazi wake. Wala yeye hakuniita kwa langu. Kwao, kama kwetu, mwanamke akishazaa anaitwa kwa mtoto. Kwake nilikuwa Mak Neema, na huyo Neema ni binti yangu.

Tulijuana kwenye friza. Nilikuwa na wiki mbili tu Fairfield, nikaenda Cabramatta kwenye duka la Wavietnamu kutafuta kisamvu. Kilikuwa kimebaki kifurushi kimoja, kimegandia ukutani mwa friza, na nilipokivuta nikakuta mkono mwingine umeshakishika upande wa pili. Mwenye mkono alikuwa mama mfupi wa miaka sitini na kitu, mtandio wa kijani kichwani, miwani imeshuka puani. Hakuachia. Aliniuliza, kwa Kiingereza kilichonyooka kuliko changu, nitakipikaje. Nikamweleza kwamba kwetu Burundi, na hata kule kambini Kigoma nilikokulia, tunakitia mawese na karanga na kukiacha jikoni mpaka kilainike kabisa. Alinisikiliza kama mtahini. Kisha akasema kwao Malaysia, jimbo la Johor, kinapikwa kwa tui la nazi na dagaa, na kwamba karanga ni kosa.

Mwishowe aliachia kifurushi, lakini somo hakuliacha. Alinieleza habari za tui mpaka kituoni. Tukapanda treni moja, tukashuka kituo kimoja, tukaingia mtaa mmoja, sasa kila mmoja akianza kushuku kwamba mwenzake anamfuata, hadi tukasimama mbele ya geti moja, kila mmoja na ufunguo wake mkononi. Alicheka mpaka akashika ukuta. Kisamvu kile tulikipika kwake, kwa nazi. Karanga nilizitia nilipopandisha sahani yangu juu.

Kusahihisha kulikuwa kama pumzi kwake. Alitembea na kalamu nyekundu kwenye mkoba. Kuna mgahawa wa Kimalay kule Parramatta ambako alikaa mezani, akafungua orodha ya vyakula, na kabla ya kuagiza chochote akarekebisha tahajia za vyakula vitatu kwa wino mwekundu. Mhudumu akaipeleka ile orodha jikoni. Mwenye mgahawa akatoka amekunja uso, wakabishana kwa Kimalay dakika kumi nzima huku mimi na Neema tukitazama sahani za watu wengine, na mwisho wa ubishi yule bwana akarudi na birika la chai ya maziwa aliyoivuta mwenyewe, yaani kuimimina kutoka juu mpaka ipate povu. Mwaka uliofuata, alipotaka kuchapisha orodha mpya, alimletea Cikgu kwanza.

Hata tangazo la kanisa letu alilisahihisha. Nilikuwa nimelibandika kwenye friji yangu, naye alikuwa amepanda kuniletea majani ya manjano ya kupikia. Nikarudi kutoka chumbani nikakuta ameshaweka koma mbili. Nikamwambia Cikgu, hiyo ni ya kanisani, na wewe Mwislamu. Akasema koma haina dini.

Lakini huyu huyu aliyekuwa mkali kwa Kimalay kuliko hakimu, alihesabu kwa Kiingereza. Akipima mchele, akihesabu viti, akijumlisha chochote, ungemsikia ananong'ona kwa Kiingereza. Na hasira zake zote alizitoa kwa Kiingereza pia. Nilipomuuliza sababu, alisema Kimalay alikiweka kwa ajili ya adabu, hataki kukichafua. Sikujua wakati ule kwamba kulikuwa na hasira nyingine, ya zamani zaidi, na hiyo hakuwa na lugha ya kuitolea.

Jumamosi ndiyo ilikuwa siku yake. Alikuwa amepewa chumba katika ukumbi wa jumuiya, dakika kumi kwa miguu kutoka kwetu, na humo aliwafundisha Kimalay watoto wa Wamalaysia na Wasingapore waliotawanyika Sydney nzima. Wengine walisafiri saa nzima kwa treni. Watoto walikuwa wakiingia darasani wazazi wao wanabaki nje kwenye ukumbi, na pale nje ndipo palipokuwa kijiji chao. Vyombo vya chakula vilifunguliwa. Mtu angesema nani amefiwa nyumbani, nani anaolewa, nani anasafiri wiki ijayo na ana nafasi ya mzigo mdogo. Wanaume waliokuwa kimya wiki nzima viwandani walipiga soga kwa sauti ya juu. Nilikuwa nampelekea Cikgu boksi la vitabu kwa kigari changu cha sokoni kabla ya kwenda kazini, na nilipenda kukaa kidogo. Sikuelewa mengi, ila nilisikia maneno yetu yakipita katikati ya yao. Sabun, meja, dunia, akal, khabar. Ilikuwa kama kuona nguo za ndugu yako zimeanikwa kwenye kamba ya mtu usiyemjua.

Darasani kwake Kiingereza hakikuingia. Alikuwa hajibu. Mtoto angeuliza kitu kwa Kiingereza, Cikgu angeendelea kuandika ubaoni kana kwamba ni upepo umepita. Akikosea kwa Kimalay, jibu lilikuwa moja tu, kwa upole: sekali lagi, rudia tena. Siku moja mtoto wa kike wa miaka sita alitaka kwenda chooni na hakujua kuomba kwa Kimalay. Aliomba kwa Kiingereza mara tatu, kisha akanyamaza, kisha akajikojolea kitini. Cikgu alimbeba mwenyewe, akamwosha, akamfunga kwa mtandio wake wa kichwani, yeye akabaki na kofia ya ndani tu mbele ya watu wote, jambo ambalo hangelifanya kwa sababu nyingine yoyote duniani. Akaenda kumwomba radhi mama wa mtoto. Jumamosi iliyofuata mlangoni palikuwa na karatasi kubwa yenye sentensi ya kuombea ruhusa ya choo, imechorewa na picha ili hata asiyejua kusoma aielewe. Sheria yake hakuibadilisha. Alibadilisha mlango.

Nilikuwa na zamu Jumamosi kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi, kwa hiyo Neema, aliyekuwa na miaka mitano tulipohamia pale, alibaki na Cikgu, na kwa kuwa Cikgu alikuwa darasani, Neema naye alikuwa darasani. Hakuna aliyepanga. Baada ya mwaka mmoja, mtoto wangu wa Kirundi alikuwa anaomba maji kwa Kimalay. Watu walicheka, nami nikacheka, lakini kilikuwa kinaniuma. Mimi nilimsemesha Kiswahili tangu alipozaliwa, na alikielewa vizuri sana, na kila siku alinijibu kwa Kiingereza. Siku moja nilimwambia Cikgu hivyo, mlangoni pake, nikiwa bado na sare ya kazi.

"Wewe anakujibu kwa lugha yako," nilisema. "Mimi mama yake hanijibu."

"Kwangu hana pa kukimbilia," alisema. "Kiingereza chake mimi sikisikii. Wewe unakisikia."

"Nitaachaje kumsikia mwanangu?"

Alinitazama kwa namna ambayo nilidhani nimemkosea, akaingia ndani kuniletea viatu vya Neema. Wiki kadhaa nilijaribu kuwa kiziwi kama yeye. Neema alinuna, akalia, akakaa na njaa saa nzima akinitazama. Kisha siku moja akasema, "Mama, naomba ugali," na mimi nikageukia sinki nikafungua maji asinione.

Ilichukua muda mrefu kabla sijajua kwa nini Cikgu alinitazama vile. Alikuwa na mwana mmoja tu. Nilishamwona mara mbili tatu, mwanamume mrefu, mpole, mhandisi wa migodi anayeishi Perth na mke na binti mdogo. Alipokuja alimletea mama yake asali na kumrekebishia taa. Walizungumza Kiingereza. Nilidhani ni kwa heshima yangu mimi mgeni, hadi nilipogundua kwamba nikiwa juu, sakafu ikileta sauti zao, bado ni Kiingereza.

Alinieleza mwenyewe, mchana mmoja baada ya darasa, tukikamua nazi jikoni kwake. Mtoto alipoanza shule hapa nchini, yeye na mumewe waliitwa na mwalimu wake. Mama mwema, alisema, aliyewapa chai. Aliwaambia mtoto anachanganya maneno, atabaki nyuma, ingekuwa vyema nyumbani wamsemeshe lugha moja, Kiingereza.

"Alikuwa mwalimu," Cikgu alisema. "Na mimi mwalimu. Nilimwamini kama mwenzangu."

Wakatii. Kuanzia wiki ile Kimalay kilibaki chumbani kwa baba na mama, nyuma ya mlango. Kilitumika kwa ugomvi, kwa habari za misiba kutoka Johor, na kwa mambo ambayo mtoto hakutakiwa kuyasikia. Mtoto akajifunza kwamba wazazi wakibadilisha lugha, yeye anatakiwa atoke. Akawa anatoka mwenyewe, bila kuambiwa, anachukua mpira wake anakwenda nje.

Miaka ikapita. Bibi yake akaja kutoka Johor kuwatembelea, wakati huo mwana ana miaka kumi na sita. Bibi alikaa mwezi mzima. Kila asubuhi walikaa mezani, bibi na mjukuu, wanatabasamiana kama watu wawili kwenye chumba cha daktari. Siku ya kuondoka, uwanja wa ndege, bibi alimshika mjukuu uso kwa mikono miwili akasema maneno mengi sana, na kijana akageuka kumtazama mama yake ili aambiwe yana maana gani. Cikgu alikuwa analia, hakuweza kutafsiri. Mpaka leo hayajatafsiriwa, alisema. Jumatatu yake ndipo alipokwenda kuomba chumba katika ukumbi wa jumuiya.

Aliifuta meza iliyokuwa safi. "Watoto wa watu wote," alisema, "isipokuwa wangu."

Korona ilipoingia, chumba kilifungwa. Mwaka wa kwanza tuliuvuka kwa namna fulani. Alifunga darasa, akafungua, akafunga tena. Wa pili ndio uliotuvunja, maana walifunga upande wetu wa mji kuliko pande nyingine. Helikopta ilizunguka juu ya mapaa. Polisi walisimama stesheni, na baadaye wanajeshi wakawa wanagonga milango. Mimi kwa kazi yangu nilikuwa na kibali cha kutoka, na kila siku ya tatu nilichokolewa pua. Nilimnunulia Cikgu vitu vyake nikaviacha mlangoni, kisha nikazunguka nyuma kwenye kamba za nguo, ambako dirisha lake la jikoni lilikuwa chini, tukazungumza hapo, yeye ndani, mimi nje na barakoa. Niliogopa kumletea ugonjwa kutoka kwa wazee wangu wa kazini. Miezi ile yote sikumgusa.

Darasa alilihamishia kwenye kompyuta. Neema alimfundisha kubonyeza, kwa simu, kutoka ghorofani. Mwanzoni watoto walijaa, nyuso ndogo zimepangwa kama stempu. Halafu mmoja akazima picha yake, na mwingine, na mwingine, hadi Cikgu akawa anafundisha miraba myeusi yenye majina. Aliniambia dirishani kwamba hajui kama wako pale au wamekwenda kucheza. Aliita jina, akangoja, akasema sekali lagi, akangoja. Wazazi waliandika ujumbe wa heshima: mtoto amechoka na kompyuta za shule, tutarudi hali ikitulia. Na wale wanaume wa ukumbini, na vyombo vya chakula, na habari za nani anasafiri, vyote viliyeyuka bila mtu kutangaza. Hakuna aliyekuwa anasafiri.

Alikuwa na dada yake mkubwa, Johor. Walipigiana simu kila alasiri, na nikiwa naanika nguo nilimsikia Cikgu akisema Kimalay nisichokijua kabisa, cha haraka, kilichomezwa nusu, kilichojaa kicheko. Si kile cha darasani. Aliniambia ni cha mtaani kwao, na kwamba sasa amebaki mtu mmoja tu duniani anayemsemesha hivyo. Alasiri moja nilikuta dirisha liko wazi na yeye amesimama tu, mikono kwenye sinki.

"Kakak," alisema. Dada. "Sudah sampai ajal."

Nilisikia ajal nikadhani ni ajali. Nikamuuliza gari gani, barabara gani, ameumia wapi. Alinitazama bila kuelewa, na mimi bila kuelewa, hadi akasema kwa Kiingereza kwamba dada yake amefariki, korona, hospitalini. Ajal kwao ni ile saa aliyoandikiwa mtu. Nimeona aibu ya swali lile mpaka leo.

Mipaka ilikuwa imefungwa, hata kama angetaka kwenda kwa miguu. Mazishi aliyatazama kwenye simu aliyoiegemeza kwenye kopo la sukari, watu wachache wamevaa mavazi meupe ya plastiki, mbali sana, picha inakatika. Mimi nilisimama nje chini ya kamba, na shuka zangu zimelowa juu ya kichwa changu. Alisoma Yasini. Sijui Yasini, nikasema Baba Yetu kwa sauti ya chini, kwa Kirundi. Mkono wake ulikuwa kwenye kioo cha dirisha, na mimi sikuugusa hata kile kioo.

Walipofungua tena na watu wakaruhusiwa kukutana, alinipigia simu alfajiri Jumamosi ya kwanza. Siku hiyo sikuwa na zamu, tukakokota boksi la vitabu. Alivaa baju kurung yake ya sikukuu, gauni lile refu la maua, akapanga viti ishirini, akanong'ona hesabu kwa Kiingereza. Walikuja watoto watatu. Mama mmoja alikuja pia, lakini alikuwa anarudisha kitabu. Cikgu aliwafundisha wale watatu saa mbili kamili, hakupunguza hata dakika. Pale nje hapakuwa na mtu aliyefungua chombo cha chakula. Tulipokuwa tunarudi, kigari kikigonga kila ufa wa njia, nilimwambia wengine watakuja, watu bado wanaogopa.

"Hawaogopi," alisema. "Wameshazoea Jumamosi bila darasa."

Wiki tatu baadaye pazia lake la jikoni halikufunguliwa asubuhi. Nilikuwa na ufunguo wa akiba. Nilimkuta chini karibu na mashine ya kufulia, kandambili moja mguuni, mdomo umekwenda upande. Aliniona. "Sejuk," alisema, "sejuk, Mak Neema." Baridi. Nilimfunika kwa koti langu, nikamshika, ndiyo mara ya kwanza tangu lokdauni, na nikamshika hivyo hadi gari la wagonjwa lilipofika. Mlangoni pa gari waliniambia siwezi kupanda.

Kiharusi kilimchukulia mkono wa kulia na Kiingereza chote. Sijui daktari anakielezaje. Mimi naeleza nilivyoona. Siku ya pili nesi alinipigia, maana namba yangu ndiyo iliyokuwa kwenye friji yake. Alisema mgonjwa yuko macho lakini amechanganyikiwa, anasema maneno yasiyoeleweka, anarudia rudia. Nikamwomba amsogezee simu. Nikasikia pumzi, na sauti ya mashine, na kisha haus, haus, haus.

Nikamwambia nesi, "Hajachanganyikiwa. Ana kiu."

Wodi ilikuwa imefungwa kwa wageni. Mkalimani wa simu alipatikana baadhi ya siku, lakini sauti ngeni ndani ya simu, na barakoa, na kelele za wodi, vilimfanya ageuke ukutani. Kwa sauti yangu alitulia. Kwa hiyo kila asubuhi kabla ya zamu nilizungumza naye, na hapo ndipo nilipojua udogo wa Kimalay changu. Nilikuwa na maneno ya jikoni tu. Chumvi, moto, baridi, kula, kiu, ngoja, nje, ndani, choo, rudia. Yeye alikuwa anasema mambo marefu, taratibu, kama mtu anayetoa maelezo muhimu, na mimi nilikuwa nikiokota humo ndani neno la maji au neno la wali, mengine yakinipita. Aliyoyasema wiki zile yalisikiwa na mimi peke yangu, na sikuyaelewa. Neema angeyaelewa zaidi, na mara mbili nilimpa simu, lakini alilia sana hata Cikgu akanyamaza.

Niliwaandikia wazazi wa darasa. Lazima niseme haki: walijibu. Walirekodi watoto wao wakimsomea, mmoja baada ya mwingine, na nesi akamwekea ile rekodi sikioni. Akaniambia kwamba mgonjwa ameonekana kukasirika. Nikasikiliza. Alikuwa anawasahihisha matamshi.

Mwanawe hakuweza kuja. Perth ilikuwa imejifunga kama kisiwa, na aliyetoka kwetu hakuingia kwao; angekuja, asingeweza kurudi kwa mkewe na mtoto. Alimwona mama yake kwenye simu iliyoshikwa na mkono wenye glovu, na kila mara aliponipigia baadaye aliniuliza swali moja: amesema nini? Nilimwambia amesema baridi. Amesema anataka wali. Aliniuliza kama kuna kingine. Nikasema sijui. Siku moja akasema kwamba alipokuwa mdogo alifikiri Kimalay ni lugha ya kufukuzia watoto.

Mipaka ya majimbo ilipofunguliwa, wakati huo Cikgu ameshahamishiwa kwenye nyumba ya wazee upande wa Parramatta. Alifariki wiki tano baada ya mwanawe kufika, akazikwa siku ya mvua, na wengi wa wale wa ukumbini walikuja, wamesimama chini ya miavuli wakizungumza Kimalay kwa sauti ya chini. Lakini mimi hubaki na ile siku aliyofika mwanawe.

Waliruhusu wageni wawili tu, na watoto hapana. Tulikutana mlangoni, tukapimwa pua, tukavalishwa maaproni ya plastiki. Aliniambia amekuwa akijifunza kwa simu yake, na ndani ya ndege amerudia sentensi moja safari nzima. Aliniomba nimsikilize kwanza. Matamshi yalikuwa mabovu. Nikamwambia yako sawa.

Cikgu alikuwa kitini karibu na dirisha, mkoba wake umewekwa mapajani, mtandio umefungwa vibaya na mtu asiyejua. Niliurekebisha. Mwanawe alichuchumaa mbele yake, mtu mzima yule, magoti yakalia, akashusha barakoa kidogo ili aonekane, akasema, "Apa khabar, Mak?"

Alimtazama muda mrefu, kwa yale macho ya mwalimu. Kisha akainamisha kichwa kwa adabu.

"Khabar baik, encik," alisema.

Habari njema, bwana. Encik ni neno la kumwambia karani wa benki, au mtu aliyekupisha kiti kwenye treni. Mwanawe alilijua jibu la khabar baik, ndilo alilokuwa amejifunza, na hilo la mwisho hakulijua. Akageuka kunitazama, macho yamejaa. "Amenijibu," alisema. Nikasema ndiyo, amekujibu.

Cikgu alitazama mlango. Akavuta mkoba wake karibu kwa mkono ule mzima, akamgeukia tena mwanawe, kama mtu anayemwomba ruhusa mwenye ofisi.

"Kami nak balik, encik. Suami saya tunggu di luar."

Yale yalikuwa maneno ya jikoni, yote niliyajua. Kimalay kina sisi mbili. Kuna kita, sisi pamoja na wewe ninayesema nawe. Na kuna kami, sisi bila wewe. Alisema kami. Sisi, siyo wewe bwana, tunataka kwenda nyumbani, na mume wangu ananingoja nje. Mumewe alikuwa amekufa kabla mimi sijahamia Fairfield.

"Amesema nini?" mwanawe aliniuliza.

Kiingereza kina sisi moja tu, kama Kiswahili.

"Anasema, tunataka kwenda nyumbani," nikamwambia.

Alilishika neno lile kwa mikono yote miwili. Alimshika mama yake goti, akasema, "Tutakwenda, Mama. Tutakwenda wote." Akaanza kumweleza habari za chumba alichomwandalia Perth, kwamba dirisha linapata jua la asubuhi, kwamba mkewe ameshanunua sufuria ya umeme ya kupikia wali, kwamba binti yake anauliza bibi anapenda rangi gani. Alieleza kwa Kiingereza, haraka, kama mtu anayeogopa kukatizwa. Cikgu alimsikiliza kwa heshima, akiitikia kwa kichwa pale sauti ilipotua, na katikati ya kuitikia macho yake yalikwenda mlangoni na kurudi.

Alizungumza muda mrefu sana. Mimi nilisimama kati yao, na sikutafsiri neno jingine, na hakuna aliyeniomba.